Kamba ya Bibi Paskazia

"Kitendawili," alisema Recheli.

"Tega," bibi yake akajibu bila kumtazama. Macho yake yalikuwa barabarani, upande wa Tabora, ambako kila gari linalokuja Itundwe huanza kama kitone kinachometameta juu ya lami.

"Mgeni wetu amelala mlangoni. Hali ugali, hanywi maji, lakini kila mwaka lazima apewe kitu."

Bibi Paskazia akawaza. Akasema mbwa, Recheli akakataa. Akasema kaburi, Recheli akakataa kwa furaha zaidi, akadai mji. Bibi akampa Kaliua nzima, pamoja na stesheni na treni zote mbili, ya Kigoma na ya Mpanda.

"Kaliua nimeipokea, nimekaa, nimekula wali na kuku. Jibu ni barabara. Mwaka jana tuliipa mguu wangu."

Mtoto wa miaka tisa, akakicheka kitendawili chake mwenyewe. Bibi naye akacheka, maana kitendawili kizuri hakinyimwi haki yake, lakini mkono wake ulikaza kamba.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, nene kama kidole gumba, imefungwa vipande vya kanga nyekundu kila hatua mbili. Ncha moja ilikuwa kwenye nguzo ya kibao kipya cha barabarani kilichoandikwa hamsini, tangu wiki ile kilipowekwa. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa Bibi, ng'ambo ya lami. Kila siku ya shule, saa moja na robo asubuhi, na tena saa nane mchana, Bibi aliivuta kamba ikanyooka, na barabara kuu ya kwenda Kigoma ikafungwa na mwanamke wa miaka sabini na moja aliyevaa ndala.

Asubuhi hiyo lilikuja roli la saruji. Liliguna, likapiga chafya ya breki, likasimama hatua kumi kutoka kwenye kamba. Dereva akatoa kichwa dirishani. Alikuwa Chiwanga, Mgogo wa Dodoma, ambaye hupita mara mbili kwa wiki.

"We Mnyamwezi! Mizigo ya kubeba imekwisha duniani, sasa unafunga njia?"

"Nyamaza, Mgogo. Babu yangu alipita kwenu na pembe za ndovu begani, mkamtoza hongo kwa kila kisima. Maji ya Mungu, mkamtoza! Leo ni zamu yangu. Lete chumvi."

"Babu yako alikunywa visima viwili peke yake, ndiyo maana sisi mpaka leo tuna ukame."

"Na wewe umekula ngapi, mpaka tumbo linapiga honi lenyewe?"

Watoto arobaini na wawili wakavuka huku wakicheka, Recheli wa mwisho, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata kwa kuvutwa. Bibi hakulegeza kamba mpaka soksi ya mwisho ilipokanyaga vumbi la upande wa shule. Ndipo Chiwanga akarusha pakiti ya chumvi dirishani, akatukana kidogo kwa heshima, akaondoa gari.

Hakuna aliyewahi kukasirika. Utani wa Wanyamwezi na Wagogo ulianza zamani za misafara, na mtani akikudai ushuru, aibu ni kukataa. Masolwa, dereva wa basi la asubuhi, ni Msukuma, naye alidaiwa sabuni. Mzaramo wa roli la mafuta alidaiwa nazi. Wale wasiokuwa watani wa mtu yeyote walisimama kwa sababu mbele yao kulikuwa na roli la mtani.

*

Mwezi ule akaja mtaalamu. Jina lake Injinia Sixbert, kijana msafi mwenye sauti ya upole, ametoka kwenye mradi wa kupima usalama wa barabara. Gari lake jeupe, lenye mstari wa rangi ya chungwa mlangoni, liliegeshwa mbele ya ofisi ya kijiji saa nne asubuhi, wakati watoto wako darasani na kamba iko juu ya paa la jiko, inakauka umande.

Ndani ya ofisi walikaa wajumbe kumi na wawili. Mwenyekiti wa kijiji, Octavian, alikuwa mtoto wa Bibi Paskazia na baba wa Recheli. Kazi yake ni fundi baiskeli, na siku hiyo alikuwa amesugua mikono kwa mchanga hadi ikawa myekundu. Pembeni yake alikaa Advera, mtendaji wa kijiji, na faili. Ndani ya faili kulikuwa na barua tisa za kuomba matuta ya barabarani, ya kwanza ikiwa na tarehe ya wiki ile Recheli alipovunjwa mguu na pikapu ambayo haikusimama.

Injinia akafungua kompyuta.

"Wazee wangu, zamani tulikuwa tunakuja na daftari, tunahesabu magari, tunawauliza watu. Watu wanasahau, watu wanatia chumvi. Sasa tumefunga vidude kwenye mabasi na maroli mia mbili na kumi ya njia hii. Kila sekunde gari lenyewe linasema liko wapi, linakwenda mwendo gani, limekanyaga breki vipi. Hatuhitaji kumuuliza mtu."

Akageuza kioo. Kulikuwa na mstari wa buluu ambao ulitambaa juu juu kama kinda la nyoka, halafu ghafla ukatumbukia chini kama ndoo kisimani.

"Hapa ni Itundwe. Kabla ya kuweka kibao, saa moja na robo asubuhi magari yalipita kwa mwendo wa themanini na nne. Baada ya kuweka kibao cha hamsini," akanyamaza ili wajumbe wajiandae, "kumi na moja."

"Kumi na moja?" akauliza mzee Ngollo, ambaye husikia kwa sikio moja.

"Kumi na moja! Nimepima vibao thelathini na sita kwenye njia hii. Kuna mahali madereva wanapunguza mwendo kidogo, kuna mahali wanaongeza. Kibao kama cha Itundwe sijawahi kukiona. Kinafanya kazi hasa saa ambazo watoto wanavuka, kana kwamba kina akili!"

Wajumbe wakapiga makofi. Walipiga kwa sababu mgeni alikuwa amefurahi, na ni vibaya kumwacha mgeni afurahi peke yake. Makofi yalikuwa bado hayajaisha Octavian alipouliza:

"Kwa hiyo matuta yanaanza lini?"

"Matuta?" Injinia akatabasamu kama daktari anayempa mtu habari njema. "Mwenyekiti, matuta ni ya mahali ambapo kibao kimeshindwa. Kwenu kimeshinda. Matuta yenu nitapendekeza yapelekwe kijiji kingine."

Octavian akafungua mdomo. Chini ya meza, kiatu cha Advera kikamkanyaga kidole gumba. Akaufunga.

"Vipimo vinaendelea mpaka mwisho wa mwezi," Injinia akasema akikunja kompyuta, "lakini namba hizi hazitabadilika. Kibao hakichoki."

Gari jeupe lilipoondoka, Octavian alimgeukia Advera. "Kwa nini umenikanyaga? Si ningemwambia!"

"Ungemwambia nini? Kwamba mama yako anafunga barabara kuu kwa kamba, na wewe mwenyekiti unajua, na mimi mtendaji najua? Hilo ni kosa, Octavian. Atakamatwa yeye, utakamatwa wewe, mimi nitawaletea uji mahabusu mpaka nami nikamatwe. Tena ungemwambia asingeamini. Hukumsikia? Haulizi mtu."

*

Jioni hiyo Octavian hakumaliza ugali wake. Alizungusha tonge kwenye mlenda, akalirudisha, akalizungusha tena. Mke wake, Theodora, alikuwa anapanga matobolwa kwenye ungo, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo huviuza mezani kando ya barabara.

"Sema," akasema Bibi Paskazia. "Tonge limeshapata kizunguzungu."

"Mama, naomba uiache kamba."

Theodora akaacha kupanga.

"Wiki tatu tu, mpaka mwisho wa mwezi. Magari yapite yanavyotaka. Vidude vione yanavyokimbia, viandike themanini, viandike mia, mtaalamu ajue kibao si kitu. Tupate matuta. Matuta ni ya saa zote, Mama. Jumapili, sikukuu, mvua. Wewe ukiumwa kichwa, matuta hayaumwi."

"Na mtoto avuke na nani?" aliuliza Theodora.

"Avuke na wenzake. Wasubiri pawe pakavu, hakuna gari."

"Baba Recheli, wewe unasikia unachosema? Ili waamini kwamba barabara ni ya hatari, tuiache iwe ya hatari?"

"Sikuitunga mimi hiyo hesabu!" Octavian alipaza sauti, halafu akaishusha, maana mtoto alikuwa chumba cha pili. "Kila Mama anaposhika kamba, anafuta barua zetu. Barua tisa, Theodora. Anamlinda leo, anamnyima kinga ya miaka yote."

Bibi alinawa mikono. Alikuwa mtu wa vitendawili, na anajua kipo kitendawili ambacho kila jibu ukitoa unaambiwa siyo, na hicho hukitegi kwa watoto. Akaangalia viganja vyake. Katani ilikuwa imechora mstari mmoja katikati ya kila kiganja, kama mtu aliyezaliwa na mstari wa ziada.

"Wiki tatu," akasema. "Lakini mimi nitakaa pale pale kando, mikono nimeikunja. Nikiona jambo, Octavian, sitamkumbuka mtaalamu wako."

*

Siku ya kwanza Bibi alikaa juu ya kigoda, upande wa nyumbani, mikono mapajani. Watoto walisimama nyuma yake. Basi la Masolwa likatokea kwa kasi, likaanza kupunguza mwendo mbali kabisa, likasimama mahali pale pale.

"Mtani! Kamba iko wapi? Fisi wamekula?"

"Pita, Masolwa. Kimbia."

"Nikimbie? Mimi?"

"Wewe si Msukuma? Ng'ombe wako wamekutangulia. Kimbia!"

"Mtani ana homa," Masolwa akawaambia abiria, akashuka na kipande cha sabuni, akampa kwa mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nyuma yake yakasimama maroli manne. Mzaramo wa mafuta alishuka akauliza kama kuna aliyemuudhi Bibi. Watoto wakavuka taratibu kuliko siku zote. Kama vidude vilikuwa vinaandika, na vilikuwa vinaandika, basi Itundwe siku hiyo ilivunja rekodi yake.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Bibi aliwafukuza kwa matusi, na kwa mtani matusi ni karibu ndani. Alimwita Chiwanga mvivu, mwoga, dereva wa mkokoteni. Chiwanga akazima injini ili asikie vizuri.

"Mama, haifai," alisema Octavian jioni. "Wakikuona wanasimama. Itabidi ukae ndani."

Kwa hiyo siku ya tatu Bibi Paskazia alikaa ndani. Alipepeta mchele ambao alikwisha kuupepeta jana, akisikiliza barabara. Kila gari lililopita bila kusimama lilikuwa ushindi, na kwa kila ushindi alitupa punje nzima badala ya pumba.

Watoto walisubiri pawe pakavu. Palipokauka wakatoka mbio, wakubwa mbele, na Recheli, ambaye mguu wake haujui mbio, akabaki katikati ya lami. Likaja gari dogo jeupe. Halikupunguza. Lilipiga honi moja ndefu kama la mtu aliyechelewa mkutano. Recheli akajitupa nyuma, akaangukia makalio, akabaki hai. Kiatu chake cha kushoto kilibaki barabarani, gari likapita juu yake.

Theodora aliona yote kutoka kwenye meza yake. Alipofika, Recheli alikuwa hajalia bado. Alikuwa anakitazama kiatu kilivyokuwa bapa kama chapati.

"Mama," akasema, "lilikuwa lile la mtaalamu. Lina mstari wa rangi ya chungwa."

Gari la mradi halikuwa na kidude. Vidude ni vya mabasi na maroli. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mradi, asubuhi ile hapakupita gari jeupe Itundwe.

*

Theodora alirudi mezani kwake akaketi, akajifunika kanga kichwani, akaanza kulia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Wakati huo ndipo Masolwa alipofika na basi lake. Akatazama nguzo, hakuna kamba. Akatazama kigoda, hakuna Bibi. Akamtazama mkwe wa Bibi, kajifunika, analia.

"Shemeji," akaita taratibu, "mtani wangu yuko wapi?"

Theodora alikuwa ameapishwa na mumewe asimwambie dereva yeyote habari za wiki tatu. Akatikisa kichwa, akazidi kulia. Masolwa akavua kofia. Hakuuliza tena, maana mfiwa hasumbuliwi maswali. Akaliendesha basi mpaka Kaliua kwa mwendo wa kubeba mayai, na alipofika akawaambia wenzake stendi. Jioni habari ikawa Tabora, mtaa wa Kanyenye, katika nyumba za wageni wanakolala madereva wa maroli.

Sasa, mtani anaweza kukosa harusi. Anaweza kukosa ubatizo. Lakini mtani akifa, wewe ndiye wa kushika jembe, wewe wa kuwachekesha wafiwa, wewe wa kulala kaburini na kugoma kutoka mpaka upewe chako. Ukikosa, utaambiwa mpaka nawe ufe.

Alhamisi Recheli alibaki nyumbani, hana kiatu. Saa tatu asubuhi, Bibi Paskazia akiwa ndani anapepeta mchele ule ule kwa mara ya tatu, alisikia injini zinazimwa. Moja. Mbili. Akahesabu mpaka kumi na saba. Halafu akasikia sauti nzito ya Chiwanga uani, inalia kwa mbwembwe:

"Uuuwi, Mnyamwezi! Umekwenda na pakiti zangu zote za chumvi! Nani atanirudishia? Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe! Jembe nimelikalia!"

"Atabebwa na nani?" akapokea Mzaramo. "Wapagazi wenyewe ndio hao wamekufa!"

Bibi akatoka na ungo mkononi.

Ua mzima ukageuka kumtazama. Walikuwepo madereva, matingo, na abiria wa mabasi matatu ambao walikuwa wameambiwa wakilalamika washuke wakapike. Viroba vya unga vilikuwa vimepangwa chini ya dirisha. Chiwanga alikuwa kalala kifudifudi mbele ya mlango, juu ya jembe, na alikuwa wa mwisho kugundua. Akainua uso, akaona ndala.

Akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Jamani," akasema, "hata kufa Mnyamwezi anashindwa!"

Kicheko kilichotoka pale kiliwatisha kuku. Masolwa alicheka huku machozi yanamtoka, akisema yeye aliona kwa macho yake, aliona kwa macho yake. Na kwa kuwa unga ulikuwa umeshafika, na unga wa msiba haurudishwi garini, sufuria zikainjikwa.

*

Walikuwa wanasonga ugali wakati gari jeupe lilipofika kwa kasi, likafunga breki kwenye vumbi. Injinia Sixbert akaruka nje, shati limetoka suruali. Asubuhi hiyo, mjini Tabora, kompyuta yake ilikuwa imemwonyesha vyombo kumi na saba vimesimama Itundwe, mwendo sifuri, saa nzima na zaidi. Kwa elimu yake hilo lilikuwa na maana moja tu.

"Ajali iko wapi? Majeruhi wangapi?"

"Mmoja," alisema Bibi Paskazia.

Akaingia ndani, akatoka na kiatu cha Recheli. Akakiweka juu ya kiganja cha Injinia, juu ya mikunjo misafi ya kiganja kile. Injinia akakigeuza, hakuelewa. Dereva wake ndiye aliyeelewa. Alishuka, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

"Jana Jumatano, saa moja na robo," Theodora akasema. "Mlikuwa mnawahi."

Injinia akamtazama dereva wake. Dereva akaendelea na tairi.

"Shikamoo, bibi," Injinia akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Wewe ni msomi, nakutegea. Kitendawili."

"Bibi, mimi..."

"Sema tega!" madereva wakamzomea.

"Tega."

"Nasimamisha roli la tani thelathini, lakini mbuzi wa jirani ananishinda."

Injinia akafikiri kwa bidii, kama aliyeingia chumba cha mtihani. Akasema tuta. Wakacheka. Akasema kibao. Wakacheka zaidi, mzee Ngollo akiwa ameshika mbavu.

"Toa mji," wakamwambia.

"Nawapa Dodoma."

"Dodoma ya baba yako?" Chiwanga akaruka. "Toa kwenu!"

Akatoa Bukoba, pamoja na ndizi zake. Bibi akaipokea Bukoba, akakaa, akala, akashiba. Kisha akaenda jikoni, akapanda kigoda, akaishusha kamba kutoka kwenye paa, na vitambaa vyake vyekundu. Akaiweka miguuni pa Injinia.

Advera mtendaji akafumba macho. Octavian akasogea mbele ya mama yake kidogo, kama mtu anayekusudia kukamatwa yeye.

Injinia aliitazama kamba, akawatazama madereva mmoja mmoja, akatazama kule barabarani ambako nguzo ya kibao ilionekana imechubuka rangi kiunoni kwa kufungwa kila siku. Ule mstari wa buluu ulishuka ndani ya kichwa chake kama ndoo, na safari hii akaona aliyeshika kamba ya ndoo.

"Kumi na moja," akanong'ona.

"Kumi na moja ni wale wa nyuma kwenye foleni," Chiwanga akamsahihisha. "Sisi wa mbele ni sifuri."

"Lakini kwenye fomu yangu," Injinia akasema, karibu kwa kuomba, "hakuna mahali pa kuandika bibi."

"Ongeza mstari," alisema Bibi. "Kula kwanza."

Akala. Alikula msiba wa mtu aliyekuwa anamsukumia mboga.

*

Tusiseme Injinia Sixbert hakuwa muungwana. Kuhusu kamba hakumpelekea mtu wa polisi habari. Baada ya wiki mbili alituma viatu vipya vya ngozi kwa basi la Masolwa, vizuri sana, vya saizi inayomtosha Theodora. Hakuwa ameuliza mtu. Recheli akajaza vitambaa vya kanga mbele akavivaa hivyo hivyo.

Na kwenye ripoti aliongeza mstari kweli. Hilo walilijua miezi mitatu baadaye, barua ilipofika. Octavian aliisoma uani kwa sauti ya mwenyekiti, na Bibi akasikiliza huku anasokota kipande kipya cha katani, maana cha zamani kilikuwa kimeanza kulika.

Barua ilikipongeza kijiji. Ilisema mradi umeridhika kwamba mwendo wa magari Itundwe unadhibitiwa na "kizuizi cha jadi chenye kushikwa kwa mkono," ambacho kimeonekana kufanya kazi kuliko vizuizi vyote vya njia hiyo, tena bila gharama. Siku moja ya Alhamisi yenye sifuri nyingi imeondolewa kwenye hesabu kwa kuwa haikueleweka. Kwa hali hiyo, ombi la matuta limewekwa kando mpaka kizuizi kilichopo kitakapochakaa. Mwisho kijiji kiliombwa kujaza sehemu moja tu iliyobaki wazi: uimara wa kizuizi, kwa miaka.

Octavian alishusha barua. Alikuwa na uso wa mtu aliyefunga mnyororo wa baiskeli vizuri kabisa, kwenye baiskeli isiyo na magurudumu.

"Wanauliza nini hapo mwisho?" Bibi akauliza.

"Wanauliza utadumu miaka mingapi, Mama."

Theodora akaweka mkono mdomoni, haikujulikana anazuia kicheko au kilio. Bibi alijaribu katani kwa kuivuta, akasikiliza inavyolia.

"Andika kina sabini na moja tayari. Andika goti la kulia linasumbua masika. Usiwadanganye."

Octavian akaandika, kwa kalamu ya buluu, kama alivyoambiwa. Barua hiyo ikawa ya kumi kwenye faili la Advera.

Kesho yake saa moja na robo kulikuwa na manyunyu. Bibi Paskazia alisimama ng'ambo ya lami, mfuko wa nailoni kichwani, kamba mpya mkononi, watoto wamejipanga nyuma ya kibao. Roli la saruji likaja, likaguna, likasimama.

"Mnyamwezi!" Chiwanga akaita. "Unga wetu wa msiba mlikula, hatukuzika mtu. Hiyo ni dhuluma. Sema leo, utakufa lini, tumalize mambo kwa halali?"

"Siku matuta yakijengwa."

Chiwanga akaitazama lami ilivyonyooka, nyeusi, laini, inang'aa kwa mvua mpaka macho yanapoishia. Akazima injini.

"Basi, mtani, wewe utatuzika sote."

Nyuma ya Bibi, viatu viwili vikubwa vilikuwa vinavuka barabara, kimoja kinatangulia, kingine kinafuata kwa kuvutwa.

"Acha maneno," akasema Bibi. "Lete chumvi."